Uzi maalum: Prince of Persia ya DOS ndani ya PS Vita iliyochipiwa, na saa yake ya dakika 60

Ngazi_Saba (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila tukigusa PS Vita iliyochipiwa humu ndani (konsoli ya mkononi ya Sony iliyofunguliwa ili ikubali programu za wadau), mazungumzo yanaishia kwenye magemu ya PSP, kaka yake, na emuleta, yaani programu za kuigiza mashine nyingine. Leo naomba tukae na gemu moja tu: Prince of Persia ya kwanza kabisa, ile aliyoitengeneza Jordan Mechner. Kwa vijana walioanzia Sands of Time ya 2003, hii ndiyo mama yake. Ilitoka kwenye Apple II mwaka 1989, ikaingia DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, mwaka 1990, na hiyo ya DOS ndiyo wengi wa rika langu tuliikuta kwenye kompyuta za maofisini.

Nina jambo moja la kusema na nitalitetea mpaka mwisho wa uzi. Ukitaka kuicheza gemu hii mkononi leo, chukua SDLPoP kwenye Vita. Na ukiicheza, saa yake usiiguse. Acha dakika 60 zikimbie.

SDLPoP siyo emuleta. David Nagy, ambaye kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo ya programu, anatumia jina la NagyD, aliifumua programu ya DOS mpaka ikajulikana kila kipande kinafanya kazi gani, ikaandikwa upya kwa lugha ya C juu ya maktaba ya SDL. C na SDL zinaingia karibu kila mashine, kwa hiyo wadau wa Vita nao wakaibeba. Unapata faili la VPK, unainstoli, ikoni inakaa kwenye menyu pamoja na magemu yako mengine. Hakuna kompyuta ya kuigiza hapo katikati, wala huulizwi kadi ya sauti ni ipi na prosesa iende kasi gani.

Mwendo umebaki ule ule: fremu 12 kwa sekunde. Najua kuna watu wakisikia 12 wanakunja uso, maana wamezoea 60. Subirini kwanza. Kila mjongeo wa yule kijana ulichorwa kutoka kwenye video ya mtu halisi. Mwaka 1985 Mechner alimchukua mdogo wake, David, akampeleka kwenye maegesho ya magari akiwa amevaa nguo nyeupe, akamrekodi anakimbia, anaruka, anadandia ukuta. Video ile akaigeuza picha mnato na kuchora umbo moja baada ya jingine. Ndiyo maana yule kijana ana uzito. Ukimtazama anavyojivuta kupanda juu, unaona mabega yanafanya kazi.

Uzito huo ndio gemu yenyewe. Kwenye Mario ukiwa hewani bado unaweza kujirekebisha. Hapa ukishabonyeza kuruka, umeruka. Akiwa anakimbia ukamgeuza, anateleza kwanza, anajipinda, ndipo anarudi. Ni kama kushuka kwenye daladala ambayo haijasimama: uamuzi uliufanya ukiwa bado mlangoni, mguu ukigusa lami mwili unafuata wenyewe.

Nitoe mfano wa karibu. Skrini moja ya gemu hii ina vigae 10 kwa upana na ghorofa 3 kwenda juu. Uko kwenye ghorofa ya kati, mbele kuna shimo. Unashikilia kitufe cha kitendo na kubonyeza mbele: anapiga hatua moja ndogo ya tahadhari. Unabonyeza tena, hatua nyingine. Ya mwisho inakuwa fupi kuliko zote, ili asimame pembeni kabisa ya jiwe. Ukibonyeza tena hapo, anatoa mguu, anapapasa hewa, anaurudisha. Gemu imekuonya. Ukibonyeza baada ya hapo, anakwenda na shimo. Sasa rudi nyuma hatua chache, kimbia, na ruka kabla jiwe halijaisha. Umbali ule unaujua kwa sababu uliupima kwa miguu.

Kuanguka nako kuna hesabu. Ghorofa moja anatua salama. Ghorofa mbili inaondoka pembetatu moja ya uhai, na unaanza na tatu tu. Ghorofa tatu umekufa. Ukiyajua haya, unaacha kukurupuka na kuanza kusoma chumba kabla hujagusa kitufe.

Karibuni. Mwenye maswali ya kuinstoli aulize, mwenye kumbukumbu aweke.

---

DogoWaMtaa

Mkuu nimeisoma yote. Mimi nina Vita ile nene ya zamani, mfumo wake ni 3.74, haijawahi kuchipiwa. Naanzia wapi? Na memori kadi ninayo ya 8GB tu.

---

Ngazi_Saba

Dogo, una bahati. Hiyo nene ni modeli ya 1000, yenye skrini ya OLED. Gereza la leveli za mwanzo lina weusi mwingi, na kwenye OLED weusi unakuwa weusi kweli. Modeli ya 2000 ni nyepesi na inachajiwa kwa micro-USB ya kawaida, ila skrini yake ni LCD.

Kuhusu kuchipu: mlango wa kwanza ulikuwa HENkaku ya Team Molecule mwaka 2016, kwa mfumo wa 3.60. Baadaye mdau anayejiita TheFloW akaleta h-encore mwaka 2018, kisha h-encore² kwa matoleo ya juu zaidi. Kwa 3.74 kuna HENlo, hiyo unaifanya kwa kivinjari cha Vita yenyewe. Ukishaingia, tumia VitaDeploy kushusha mfumo mpaka 3.65, kisha weka Enso. Enso ndiyo inayofanya mashine iwake ikiwa tayari imechipiwa kila siku. Bila Enso, kila ukizima na kuwasha unaanza kuichipu tena.

Chaji betri ijae kabla ya kushusha mfumo. Hili naomba ulitii. Mashine ikizimika katikati ya kuandika mfumo, unabaki na kipande cha plastiki.

8GB inatosha kabisa kwa Prince, gemu hii ni ndogo sana. Ila ukitaka nafasi ya mengine, tafuta SD2Vita, kile kidude kinachoingia kwenye tundu la kadi ya gemu na kubeba microSD ya kawaida. Kadi za Sony zenyewe zilikuwa ghali tangu siku ya kwanza, na mpaka leo mtu anayeuza hapunguzi. Ukinunua microSD, ijaze faili na uzisome zote kwenye kompyuta kabla ya kuiamini, maana kadi feki zinazojitangaza ukubwa zisizo nao zimejaa sokoni.

Ukifika hapo, fungua VitaShell, programu ya kusimamia mafaili, bonyeza SELECT uunganishe na kompyuta, kopi lile faili la VPK, kisha lichague na ubonyeze X. Itakuuliza kuhusu ruhusa, kubali. Ikikataa kuinstoli, nenda HENkaku Settings ndani ya mipangilio ya Vita, washa ruhusa ya programu zisizothibitishwa.

---

Kipanga_Pwani

Mleta uzi, shukrani kwa kazi nzuri. Niko Mombasa, Vita yangu iko 3.65 Enso na hii gemu ninayo tayari. Lakini hapo kwa saa tunatofautiana. SDLPoP ina kusevu papo hapo. Mimi nikifika pahali pagumu nasevu, nikifa narudi pale pale. Mtu mzima ana kazi, ana watoto, hana muda wa kurudia leveli nzima sababu ya kigae kimoja. Ile saa iliwekwa wakati watoto walikuwa na mchana kutwa mbele ya kompyuta.

---

Ngazi_Saba

Kipanga, hoja yako naiheshimu, na sikatai kwamba muda wa watu umebana. Lakini angalia saa ile imeshikana na nini.

Hadithi yenyewe: sultani yuko vitani mbali, waziri Jaffar anajitwalia nchi, anampa binti wa sultani saa moja: akubali kuolewa naye au afe. Saa hiyo ya mchanga unaionyeshwa kabla hujaanza. Ukifa, unaanza leveli upya lakini dakika haziresetiwi. Kwa hiyo adhabu ya kufa siyo kupoteza maisha, maisha yako hayahesabiwi kabisa. Adhabu ni dakika. Unaweza kufa mara nyingi upendavyo mradi uwe umejifunza haraka kuliko mchanga unavyoshuka.

Sasa ukisevu kabla ya kila shimo, umeondoa kitu pekee ambacho gemu inakudai. Unabaki unaruka vigae.

Halafu kumbuka gemu ya DOS yenyewe ilikuwa na kusevu, kuanzia leveli ya 3, na unaporudi unaanzia mwanzo wa leveli ukiwa na dakika zile ulizokuwa nazo. Hiyo inamtosha mtu mwenye kazi: leveli moja usiku huu, nyingine kesho. Na Vita unaweza kuilaza kwa kitufe cha juu ukaenda kufungua mlango, ukirudi kijana amesimama pale pale.

Waliotengeneza SDLPoP nao waliliona hili. Kwenye faili la mipangilio, SDLPoP.ini, kuna kipengele cha faini: ukirudisha ulichosevu papo hapo, inakukata muda usiozidi dakika moja. Kama huwezi kuacha kusevu, angalau washa hiyo. VitaShell ina kihariri cha maandishi, huna haja ya kompyuta.

---

Shangazi_Konsoli

Mimi niliicheza kwanza kwenye Super Nintendo, kaseti ya ndugu yetu aliyerudi kutoka nje. Ile ina leveli 20 na muda wa dakika 120, muziki mzito, rangi nyingi. Nilipokuja kuiona ya DOS nikadhani imekatwa. Nimecheza pia ile iliyotengenezwa upya mwaka 2007 kwa konsoli za kisasa, yenye michoro ya 3D. Bado naipenda ya Super Nintendo kuliko zote. Kwa nini unang'ang'ania ya DOS?

---

Ngazi_Saba

Shangazi, ya Super Nintendo ni gemu nzuri kwa haki yake, na zile leveli zilizoongezwa zina mawazo mengi. Mimi naipenda ya DOS kwa sababu haina kisichohitajika. Leveli 12, na kila moja inakufundisha kitu ambacho ile inayofuata itakudai.

Leveli ya 1 huna upanga, kuna mlinzi mwenye upanga, na mlango uko karibu sana. Anayekimbilia mlango anakufa. Anayezunguka gerezani kutafuta upanga anakuwa ameshajifunza vigae vinavyotikisika, vibao vya kufungua mageti, na miiba ya sakafuni, kabla hajapigana na mtu. Miiba ile ukiikimbilia inakuua, ukipita kwa hatua za tahadhari haikugusi. Hakuna maandishi popote yanayokuambia hivyo.

Leveli ya 3 mifupa iliyolala sakafuni inainuka na kushika upanga. Unaichoma, haifi. Inabidi uisukume kwa mapigo mpaka ukingoni, idondoke. Umejifunza kwamba upanga ni wa kusogeza mtu pia.

Mtindo wa kupigana nao una historia yake. Mechner alichora mapigo ya panga kutoka kwenye pambano la Errol Flynn na Basil Rathbone ndani ya filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938. Ndiyo maana panga zinagongana, zinasubiriana. Ukibonyeza ovyo unachomwa.

Ile ya 2007 miondoko imelainishwa, inapendeza machoni. Ila mimi nikiwa na padi mkononi naukosa ule uzito niliousema juu.

---

Bati_Jipya

Nimeinstoli jana usiku kwa kufuata maelekezo ya post yako ya pili, imekubali. Swali: picha inajaa skrini yote lakini kijana anaonekana mnene, kapondwa. Wengine wanasema ndivyo ilivyo. Kweli?

---

Ngazi_Saba

Hapana mkuu, hiyo imevutwa. Gemu ya DOS ilitoa picha ya 320 kwa 200, na monita za wakati ule zilikuwa na uwiano wa 4:3, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa ndefu kidogo kwenda juu. Skrini ya Vita ni 960 kwa 544. Ukitaka uwiano sahihi na urefu wote wa skrini, picha inachukua upana wa kama 725, na inabaki mistari myeusi kushoto na kulia. Kwenye SDLPoP.ini tafuta use_correct_aspect_ratio, iweke true.

Kuna nyingine inaitwa use_integer_scaling. Hiyo inakuza kwa namba kamili tu ili pikseli zibaki zenye makali. Kwenye Vita naiacha, kwa sababu picha inakuwa ndogo na skrini yenyewe ni inchi 5. Lakini jaribu, macho ya watu hayafanani.

Humo humo utaona pia kipengele cha kurekebisha kasoro za gemu ya zamani. Naziacha zote kama zilivyokuwa 1990. Anayetaka gemu iliyonyooshwa aziwashe, ndiyo maana zikawekwa kama hiari.

---

Mzee_wa_Disketi

Uzi huu umenigusa. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta za 386 miaka ya tisini, na gemu hii ilisafiri kwa disketi kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Nakumbuka baada ya leveli ya kwanza kulikuwa na chumba chenye chupa nyingi, kila moja na herufi juu yake, na inakwambia unywe ile inayolingana na ukurasa fulani wa kitabu cha maelezo. Vitabu hatukuwa navyo. Kuna bwana mmoja alikuwa na karatasi ya herufi ameiandika kwa mkono, ikapigwa fotokopi mpaka ikafifia.

Sasa niulize la msingi. Hii SDLPoP, haki yake imekaaje? Sitaki kuwafundisha vijana wizi.

---

Ngazi_Saba

Mzee shikamoo. Chumba cha chupa ndicho kilikuwa kinga ya kunakili, na SDLPoP imekihifadhi kama kipengele cha kuwasha, nadhani kwa ajili ya watu kama wewe wanaokikumbuka.

Kuhusu haki. Msimbo wa SDLPoP ni huru, uko chini ya leseni ya GPL toleo la 3: unaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuusambaza kwa masharti ya leseni hiyo. Lakini michoro, sauti na ramani za leveli ni kazi zenye wenyewe, na Prince of Persia ni mfululizo wa magemu ya kampuni ya Ubisoft mpaka leo. Kwa hiyo msimamo wangu: cheza, jifunze, usiuze. Mtu akikuuzia Vita na kukutoza pesa ya ziada kwa sababu ameweka Prince ndani, huyo mkatae.

Mechner mwenyewe ameonyesha njia. Msimbo wake wa asili wa Apple II ulikuwa umepotea kwa miaka mingi. Mwaka 2012 baba yake, Francis, ambaye ndiye aliyetunga muziki wa gemu, akakuta boksi la disketi nyumbani. Disketi za zamani hazisomeki kirahisi, sumaku inachakaa, kwa hiyo walikuja Jason Scott, mhifadhi wa historia ya kompyuta, na Tony Diaz, mjuzi wa Apple II, wakiwa na mashine zao kusaidia kuzitoa. Aprili mwaka huo msimbo ukawekwa GitHub, watu wote wausome. Akaandika kwamba yeye hana tatizo na mtu kuusoma na kuuchezea, ila hiyo haimpi mtu haki juu ya Prince of Persia kama gemu ya Ubisoft. Maneno ya mtu muungwana.

Nisisitize, usije ukachanganya: msimbo ule ni wa lugha ya assembly ya 6502, prosesa ya Apple II. SDLPoP imetoka upande wa DOS. Ni njia mbili tofauti za kuiokoa gemu moja, na mimi nazithamini zote mbili.

---

Mzee_wa_Disketi

Marahaba. Umeniridhisha. Nitaiweka.

---

Kipanga_Pwani

Nimerudi. Nimezima kusevu papo hapo, nikaanza upya kama alivyosema mleta uzi. Nakiri mchezo umebadilika, nikiona kigae najiuliza kwanza. Nimefika leveli ya 4, nimetoka kukutana na kioo. Kilichotokea pale sikukitarajia kabisa. Nani huyo aliyetoka?

---

Ngazi_Saba

Kipanga, hongera! Ulilazimika kuruka ndani ya kioo ukiwa na mbio, sivyo? Na upande wa pili wa kioo akatokea kivuli chako, akakimbilia kwake. Usimsahau. Leveli ya 5 atakunywa dawa uliyoitegemea. Leveli ya 6 utamwona tena kwenye geti.

Hadithi ya kuzaliwa kwake ndiyo ninayoipenda kuliko zote za gemu hii. Mechner alikuwa amemaliza kumbukumbu ya Apple II. Kijana mmoja mwenye miondoko laini namna ile alikuwa amekula nafasi yote, hakukuwa na pa kuweka umbo la adui. Rafiki yake Tomi Pierce alikuwa anamsukuma kila mara: gemu hii inahitaji mapigano. Yeye anajibu hakuna nafasi. Mwisho akapata wazo la kutumia picha zile zile za kijana, akaziweka juu ya zenyewe zikiwa zimesogezwa pikseli moja, kwa hesabu ya XOR. Panapofanana panafutika, kingo zinabaki. Likatoka umbo linalong'aa, la mtu yule yule, bila kuongeza picha hata moja.

Hapo adui akapatikana, na adui huyo ni wewe. Baadaye nafasi ikapatikana na walinzi wakaingia, lakini kivuli ndiye aliyefungua njia. Watu wanaolalamika kwamba Vita ina RAM ndogo wangeisoma hadithi hii kwanza. Ufinyu ulimpa Mechner mhusika bora aliyewahi kumtengeneza.

---

Shangazi_Konsoli

Hapo kwa kivuli nakuunga mkono. Na sisi tuliokulia Pwani, sultani na waziri msaliti tulishawasikia kwa bibi zetu kabla ya kuona kompyuta. Hadithi haikuhitaji kuelezwa. Mdogo wangu alikuwa hajui Kiingereza hata kidogo, na alielewa yote tangu picha ya kwanza.

---

Mpenda_Padi

Mimi sina Vita, nina PSP 2000 yenye mfumo wa 6.61 uliochipiwa. Nimeachwa?

---

Ngazi_Saba

Hujaachwa. PSP ina programu zake za wadau, zinakaa ndani ya folda ya PSP, kisha GAME, kila moja na folda yake yenye EBOOT.PBP. PSP 2000 ina RAM ya 64MB, mara mbili ya ile ya 1000, kwa hiyo programu zilizobebwa kutoka kwingine zinapumua vizuri zaidi kwako. Unachokosa ni skrini: yako ni 480 kwa 272, nusu kamili ya Vita kila upande. Picha ya 320 kwa 200 inakaa bila kukuzwa, ni ndogo lakini safi.

Jambo moja kwa wenye PSP: kitufe cha mshale chenye mpira uliochoka kinaharibu gemu hii kuliko gemu nyingine. Kuruka mbele ni juu na pembeni kwa pamoja. Kama mashine yako haisomi pembe vizuri, utakufa bila kosa lako. Badilisha ule mpira kwanza, mafundi wa simu wanaweza.

---

DogoWaMtaa

Wakuu nimefanikiwa, 3.65 Enso, betri ilikuwa imejaa. Nipo leveli ya 8 na nimekwama. Nimemaliza walinzi, nimefungua mlango wa kutokea, nikarudi nikafungiwa nyuma ya geti. Hakuna kibao upande wangu. Nimetafuta kila kigae, dakika zinakwenda, nimebaki na 21. Gemu imeharibika?

---

Ngazi_Saba

Haijaharibika. Kabla ya leveli hiyo ulionyeshwa binti chumbani kwake akimtuma panya. Simama karibu na geti. Usifanye kitu. Ndiyo, najua saa inakwenda, na hapo ndipo gemu inapokubana kweli: umefundishwa kukimbia leveli saba nzima, sasa inakudai utulie. Atakuja.

---

DogoWaMtaa

Amekuja!!! Kakanyaga kibao, geti limefunguka, kaondoka zake. Aisee.

---

Bati_Jipya

Na mimi niko mbele kidogo, leveli ya 12, juu kabisa ya mnara. Kivuli amesimama mbele yangu na upanga. Kila nikimchoma, uhai wangu mimi ndio unapungua. Nimebaki na dakika 6. Msaada wa haraka.

---

Ngazi_Saba

Usimchome. Rudisha upanga alani, bonyeza chini. Na yeye atarudisha wake. Kisha kimbia moja kwa moja kumwelekea, usiruke, usisimame. Mtaungana. Baada ya hapo endelea kukimbia upande ule ule hata ukiona hakuna sakafu mbele, vigae vitajitokeza chini ya miguu yako.

Jaffar yuko ng'ambo. Ni mcheza upanga mzuri kuliko wote uliokutana nao, kwa hiyo usimfuate. Subiri apige yeye, zuia kwa kitufe cha juu, na jibu papo hapo baada ya kuzuia. Ukimmaliza saa inasimama, ila bado hujashinda mpaka umfikie binti. Una dakika za kutosha. Kabla hujaanza hakikisha Vita haiko karibu kuzimika chaji.

---

Bati_Jipya

Nimemaliza. Zimebaki dakika 2.

---

Kipanga_Pwani

Hongera mkuu. Mimi niko ya 9, nitaleta ripoti wikendi.